Hawakuwa Wakicheza Ngoma

Watu wa Tengeru waliliita blanketi, na Ndeshi alishachoka kuwasahihisha. Lilining'inia sebuleni kwake kutoka kwenye boriti hadi chini, likafunika ukuta mzima na nusu ya dirisha, kiasi kwamba mchana alilazimika kuwasha taa. Majirani waliokuja kupima masweta ya watoto wao walisimama mlangoni wakashika kiuno.

"Mwalimu, blanketi la nani hilo? Unamfumia tembo?"

"Si blanketi. Ni picha."

"Picha ya sufu? Haya." Kisha wakauliza kama anaweza kuwafumia vitambaa vya makochi.

Alikuwa kweli mwalimu, wa sayansi kimu, kabla ya kuacha kazi kama walivyoacha wengi miaka ile, kila mmoja akishika alichoweza kushika. Mmoja alifuga kuku, mwingine akafungua duka la soda. Ndeshi alikuwa na cherehani na mashine ya kufumia aliyoachiwa na mama mmoja wa misheni aliyerudi kwao. Baridi ya Meru haina mchezo kuanzia mwezi wa tano, na shule zote zilitaka masweta: ya bluu, ya kijani, ya rangi ya damu ya mzee. Asubuhi alikaa kwenye mashine mpaka mabega yakamuuma. Mchana akashona mapindo na kuweka vifungo. Kazi ya shule ilipopungua ndipo alipochukua sindano zake mbili ndefu na kurudi kwenye ukuta.

Sufu aliipata sokoni, chini kabisa ya marundo ya mitumba. Mafundi wenzake waliilaani mitumba tangu ilipoanza kumwagwa kwa marobota, na yeye pia iliwahi kumnyang'anya wateja wa magauni. Lakini chini ya marundo yale, baada ya wajanja kuchagua, yalibaki masweta ya Ulaya yaliyotoboka viwiko, ambayo hakuna aliyeyataka. Ndeshi aliyabeba kwa furushi. Nyumbani alitafuta ncha ya uzi penye mshono wa ubavuni, akavuta, na sweta zima likateremka mikononi mwake mstari kwa mstari. Uzi aliuzungusha kwenye miguu ya kiti, akaufua, akautundika na jiwe chini yake mpaka mikunjo ikanyooka. Masweta mekundu na ya rangi ya chungwa aliyaweka peke yake. Yale yalikuwa ya moto.

Maana picha ile ilikuwa ya moto. Ilikuwa Engare Nanyuki, mwaka wa hamsini na moja, serikali ya kikoloni ilipowahamisha Wameru kwa nguvu ili ardhi yao iwe ya wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Watu waliondoka na walichoweza kubeba. Ndeshi hakuwepo, hakuwa amezaliwa. Aliyekuwepo ni mama yake, wakati huo mke kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtoto yule aliitwa Nathanael. Walipelekwa Kingori, na huko Nathanael akashikwa na homa, akafa kabla mvua hazijaisha. Wakazaliwa wengine watano, Ndeshi akiwa wa mwisho, lakini mpaka leo mama aliitwa Mama Nathanael na hakukubali jina lingine.

Siku za soko mama alishuka kutoka Nkoaranga, akaketi kwenye kigoda mbele ya ukuta ule, akatazama. Hakusifu. Alikosoa.

"Moshi haukwenda juu," alisema siku moja.

"Ulikwendaje?"

"Ulilala. Kulikuwa na upepo kutoka mlimani. Moshi ulitufuata njiani kama mbwa."

Ndeshi akaufumua moshi wote, kazi ya mwezi mzima, akaufuma upya ukiwa umelala.

Hans alikuja mara ya kwanza kutafuta foronya za mito. Alikuwa Mchaga wa Machame, mtoto wa mwinjilisti, mwanamume mwenye tabasamu jepesi na shati lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni ya umma ya vinyago na kazi za mikono, mpaka kampuni ikafa. Sasa alikuwa amefungua jumba lake la maonyesho mjini Arusha, upande wa Mto Themi, akalipa jina la Upinde. Aliingia akizungumza, akauona ukuta. Akausogelea, akarudi nyuma, akausogelea tena.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "hiki ni kitu kikubwa. Kwa nini kimefichwa Tengeru?"

Hakuna aliyewahi kumwambia Ndeshi maneno kama yale. Alimwekea chai, akamsimulia yote: moto, upepo, Kingori, kaka yake asiyemjua. Hans alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipoomba kuipeleka picha Upinde kwa ajili ya ufunguzi, Ndeshi alimwambia mambo mawili tu.

"Haiuzwi. Ya kuonyesha tu. Na iandikwe inavyoitwa: Engare Nanyuki. Na jina langu chini yake."

"Nimekuelewa, dada. Una neno langu."

Wakapeana mikono. Wiki iliyofuata alikuja na pikapu, na Ndeshi mwenyewe akaikunja picha ndani ya mashuka mawili safi, akaishika upande mmoja kama anayebeba mgonjwa mpaka ikalala vizuri nyuma ya gari. Jioni ile sebule yake ilionekana kama imehamwa.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi mchana, jua zuri, mlima umejitokeza wote bila wingu. Ndeshi alimchukua mama yake. Bibi alivaa kitenge chake cha Pasaka na viatu vyeusi ambavyo kwa kawaida alivivaa akishafika mlango wa kanisa. Upinde palikuwa pamejaa: watu wa mashirika, wenye makampuni ya watalii, Wazungu wa mashamba ya maua, vijana wa mjini waliokuja kwa ajili ya soda na sambusa. Kwenye kuta kulikuwa na michoro ya kijana mmoja wa Ilboru aitwaye Saruni, na vikapu, na vinyago. Na kwenye ukuta mkubwa wa mwisho, peke yake, kulikuwa na picha ya Ndeshi.

Hakuwahi kuiona kwa mbali. Nyumbani asingeweza kurudi nyuma zaidi ya hatua chache kabla ya kugonga kabati. Hapa aliiona yote kwa mara moja, moto upande wa kushoto, ng'ombe, watu katika mstari mrefu, moshi ukiwalalia, na katikati mwanamke aliyeinama na kitu mgongoni. Aliona kwamba ni kazi nzuri. Aliona bila kuambiwa na mtu, na kwa muda ule mfupi alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu utotoni.

Ndipo akasogea kusoma kadi.

Iliandikwa kwa Kiingereza. *Sherehe ya Mavuno. Kazi ya kikundi cha wanawake wa kijijini, Mlima Meru. Wanakijiji wanacheza ngoma kuzunguka moto. Mama aliye katikati amebeba mavuno yake.* Kwenye kona ya kadi palibandikwa kidoti chekundu, kama vile vilivyobandikwa kwenye kila kitu kilichokwisha kuuzwa.

Alisoma tena. Damu ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Kikundi gani? Ngoma gani? Akatazama mgongo wa yule mwanamke wa sufu, ule mgongo alioufuma na kuufumua mpaka uzi ukachakaa, akatafuta mavuno.

Alimkuta Hans karibu na meza ya vinywaji, akamvuta shati mbele ya watu.

"Hans. Kadi ile ameandika nani?"

"Dada Ndeshi! Umefika! Umeiona ilivyopendeza?"

"Nimekuuliza kadi ameandika nani."

Hans alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Twende pembeni. Sikiliza, usikasirike. Hawa wageni hawanunui majonzi. Mtu yuko likizo, anataka kitu cha kumfurahisha. Na kikundi kinauza kuliko mtu mmoja. Wakisikia kikundi cha akina mama wanajua wanasaidia. Ndiyo biashara ya siku hizi, dada, si mimi niliyeitunga."

"Nilikwambia haiuzwi."

"Ulisema. Lakini ungejua aliyeinunua! Ana hoteli ya watalii kule Usa River, anataka kuitundika kwenye ukumbi wa chakula. Kila siku wageni wataiona. Nilikuwa nakuja Jumatatu kukuletea habari njema."

"Ukumbi wa chakula." Ndeshi alijisikia akiyarudia maneno kama mjinga. "Watu wanakula nyama choma, mama yangu anaunguliwa na nyumba ukutani."

"Nani anajua kama ni nyumba? Mimi nawe tu."

Neno lile lilimchoma kuliko kadi. Alikuwa anafungua kinywa alipoona, juu ya bega la Hans, kwamba mama yake hayuko alipomwacha. Alikuwa amesimama chini ya picha, na mbele yake Mzungu mmoja mwanamke mwenye nywele za mvi na shanga za Kimaasai shingoni, anatabasamu, anaonyesha ukutani, kisha anapinda mabega yake mwenyewe huku na huku kama mtu anayecheza. Bibi alimtazama kwa heshima asielewe chochote.

"Huyo ndiye mnunuzi," Hans alisema, akawa ameshaondoka, tabasamu limerudi mahali pake.

Ndeshi alimfuata. Alipofika, Hans alikuwa tayari katikati ya wale wawili.

"Shikamoo, mama," Hans alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu anasema nini?"

"Anauliza kama na wewe ulicheza ngoma hii ulipokuwa msichana."

Mama Nathanael alitazama juu. Macho yake hayakuwa mazuri tena lakini picha ile aliijua kwa moyo. Akainua mkono, akaonyesha upande wa kushoto, pale palipokuwa na sufu nyekundu nyingi kuliko penginepo.

"Mwambie si ngoma," alisema kwa utaratibu, kwa Kiswahili chake cha kanisani. "Ile ni nyumba ya baba mkwe wangu. Ile nyuma yake ya akina Yoeli. Walichoma hii kwanza. Mwambie huyu hapa katikati ni mimi, na mgongoni ni mtoto wangu."

Hans alimgeukia mnunuzi, akasema kwa Kiingereza kizuri, bila hata kusita: "Bibi anasema ndiyo, anaukumbuka moto ule vizuri. Anasema yule ni yeye, amebeba mavuno. Anafurahi sana kwamba umeipenda."

Mzungu akaweka mkono kifuani. Akamshika bibi mikono yote miwili, akamwambia asante.

Na Mama Nathanael, akidhani amepewa pole, akainamisha kichwa na kusema, "Asante, mama. Mungu ndiye anajua."

Baadaye Ndeshi alisema angeweza kuvumilia kadi. Angeweza hata kuvumilia kidoti. Angegombana, angelia nyumbani, angepeleka malalamiko kwa mchungaji. Lakini kumwona mama yake akishukuru kwa pole ambayo hakupewa, hilo hapana.

"Mwongo!" alisema.

Alilisema kwa Kiswahili na kwa sauti ya darasani, ile iliyokuwa inafika dawati la nyuma bila shida. Kisha akamgeukia Mzungu akazungumza Kiingereza, polepole, kila neno likisimama peke yake.

"Mimi naitwa Ndeshi. Hii nimeifuma mimi, si kikundi. Huyu ni mama yangu. Hakusema yale uliyoambiwa na huyu bwana kwamba ameyasema. Amesema kwamba nyumba ya wakwe zake ilichomwa moto na serikali, na kwamba mgongoni amebeba mtoto wake. Mtoto alikufa. Hakuna anayecheza hapa. Tazama miguu yao. Nani anacheza ngoma na godoro kichwani?"

Mzungu aliiachia mikono ya bibi. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alitazama picha, na ilionekana wazi kwamba sasa anaiona: nyumba, godoro, migongo.

"Sikujua," alisema. "Samahani sana. Hakuna aliyeniambia." Kisha, kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi: "Lakini bado naitaka. Kwa kweli sasa naitaka zaidi. Hadithi yenyewe inaipa uzito. Tunaweza kuiandika kwenye kadi mpya, wageni wangependa kusoma."

Hans alichangamka papo hapo. "Unaona, dada? Unaona? Tutaandika yote. Hata picha ya bibi tutaiweka."

Ndeshi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikuwa na mambo mengi ya kusema. Alitaka kumwambia yule mama kwamba hoteli yake imesimama juu ya ardhi ambayo nayo ilikuwa ya watu. Alitaka kumwambia Hans kwamba kama mama yake mzazi ndiye angekuwa amesimama pale, Hans asingethubutu kumtafsiri hivyo. Akavuta kiti kutoka meza ya vinywaji, akavua viatu, akapanda.

"Ndeshi, shuka. Imeshauzwa."

"Na nani?"

"Kuna taratibu. Nitaita polisi."

"Waite. Waje wakamate moto."

Alifungua kamba ya kwanza. Picha ikaanguka upande mmoja, nzito, ikamfunika Hans bega. Watu wengine walicheka, wengine wakakunja uso. Hakuna aliyesogea ila Saruni, kijana mchoraji, ambaye Ndeshi hakuwahi hata kusalimiana naye. Alileta kiti chake upande wa pili, akafungua kamba ya pili, akaishusha ncha ile chini kwa adabu kana kwamba anamshusha mtu.

"Na wewe, Saruni, ukitoka nayo hapo usirudi," Hans alisema.

"Sawa," alisema Saruni, na alipokwisha kumsaidia Ndeshi kukunja, akaanza kuteremsha michoro yake.

Mama Nathanael hakuuliza kitu mpaka wakawa barabarani, furushi limelala kati yao kwenye ukuta wa mtaro, wakisubiri gari la kukodi. Ndipo akasema, "Yule Mzungu alinishika mikono. Alikuwa ananipa pole au la?"

Ndeshi alifikiria kumdanganya.

"La, mama. Alikuwa anakushukuru kwa kucheza."

Bibi akatema mate pembeni, kitu ambacho Ndeshi hakuwahi kumwona akifanya mbele za watu.

Habari zilifika Tengeru kabla ya Jumatatu, na hazikufika kama alivyotarajia. Wa kwanza kuja alikuwa Tabitha, mwenyekiti wa kikundi cha ushonaji cha akina mama wa usharika. Hakuketi.

"Umetuharibia, Ndeshi. Hans alituahidi kazi ya foronya na vikoi mpaka Krismasi. Jana ametuma salamu kwamba Tengeru hafanyi biashara tena, watu wake wana matusi."

"Aliandika kwamba ninyi ndio mmefuma picha yangu."

"Na kama aliandika? Tungepungukiwa nini? Wewe una mashine. Wewe ulisoma. Sisi wengine jina letu kwenye kadi tungelifanyia nini?"

"Mngedanganyiwa nalo, Tabitha. Na mama yangu akawa mcheza ngoma wenu."

Tabitha alimtazama bibi, aliyekuwa bado hajarudi Nkoaranga, ameketi kwenye kigoda. Aliondoka bila kuaga. Kwa muda wa kutosha wanawake wawili watatu wa kikundi walipita njia nyingine, na shule moja ikapeleka oda yake ya masweta kwa mfumaji wa Usa River. Ndeshi aliuma meno akaendelea na kazi. Usiku alilala vizuri. Mchana, akiwa kwenye mashine, alijikuta anagombana na Hans kwa sauti, akimjibu maneno ambayo angepaswa kuyajibu siku ile, mpaka wateja wakachungulia kuona anasema na nani.

Kilichomwondoa kwenye ugomvi ule wa peke yake ni ghala. Msimu ule wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupita mashambani na malori, wakinunua kahawa kwa mkulima mlangoni kwake, na ghala la chama cha ushirika likabaki tupu, lina harufu ya magunia tu. Ndeshi alikwenda kwa katibu wa chama, mzee Lomayani, akamwomba ukuta.

"Wa kufanyia nini?"

"Kutundika kitu changu. Watu waingie waangalie. Bure."

Lomayani alikuwa mtu aliyekaa ofisini siku nzima bila mgeni. "Chukua kuta zote nne," alisema. "Zimebaki kuhifadhi nini?"

Saruni alikuja na nyundo na michoro yake. Kadi aliiandika Ndeshi mwenyewe, kwa Kiswahili, herufi kubwa: *ENGARE NANYUKI, 1951. Imefumwa na Ndeshi, binti wa Mama Nathanael.* Siku ya soko wakafungua milango.

Alidhani watakuja vijana. Walikuja wazee. Walikuja kwanza wawili, kisha wakatumana, mpaka mchana ghala likajaa fimbo na makoti marefu. Hawakusema ni nzuri. Walianza mara moja kugombana: huyu akidai nyumba ya shangazi yake imewekwa upande usio wake, yule akisema ng'ombe walipitishwa njia ya chini, bibi mmoja akiweka kidole juu ya sufu akimtaja kila mtu kwa jina. Mama Nathanael aliwajibu wote kutoka kwenye kigoda chake. Sauti yake ilikuwa kali, na mashavu yake yalikuwa na rangi.

Mzee Yoeli, yule ambaye nyumba yao ilikuwa ya pili kuchomwa, alisimama muda mrefu kuliko wote. Alikuwa mtoto wakati ule. Alipogeuka alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Wewe binti. Mbwa wako wapi?"

"Mbwa gani, mzee?"

"Mbwa wetu! Tuliwachukua mpaka Kingori, wakatoroka, wakarudi kukaa kwenye majivu. Baba alikwenda kwa siri akawakuta wamelala pale pale ilipokuwa milango. Umeweka ng'ombe, umeweka kuku, hata godoro umeweka. Mbwa umewaacha."

Ndeshi alihisi moto wa zamani ukimpanda. Baada ya yote, na huyu naye? "Hakuna aliyeniambia habari za mbwa," alisema.

"Hukuniuliza," alisema Yoeli. "Ninakaa pale ng'ambo ya mto. Umeifuma miaka yote hiyo, hukuvuka mto kuja kuniuliza."

Kulikuwa na majibu, lakini yote yalifanana na ya Hans. Watu walikuwa wanamtazama. Akavuta gunia tupu, akalitandika sakafuni, akaketi miguuni pa mzee.

"Shikamoo, baba," alisema. "Walikuwa wa rangi gani?"

"Marahaba." Yoeli alijikohoza, bado amenuna. "Mmoja mweusi. Mwingine sikumbuki vizuri. Muulize mama yako, alikuwa akimtupia mawe."